Saa ya Babu Haifai Kufungiwa Kabatini

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wazee wetu mliosoma hapa kabla yetu,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo. Jambo lenyewe ni saa ya mkono, hasa ile isiyohitaji kutiwa ufunguo kwa vidole kila siku, bali hujitia yenyewe kwa mwendo wa mkono wa mwenye kuivaa. Watu huiita otomatiki. Nina hakika kwamba miongoni mwa wazee wasomao gazeti hili wamo wenye saa ya namna hiyo nyumbani, imeviringishwa katika kitambaa, imelala sandukuni pamoja na vyeti na picha za harusi. Nasema wazi tangu mwanzo: saa hiyo mnaidhulumu. Itoeni, ipelekeni kwa fundi, kisha mpeni kijana mwenye kazi aivae kila siku.

Sisemi haya kwa sababu ya ujuzi mwingi. Nasema kwa sababu nilikosa, na kosa langu lilimwumiza mtu mwingine, si mimi.

Babu yangu alikuwa mtu wa reli. Njia ya reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, naye alifanya kazi miaka mingi katika vituo vya njia hiyo. Kiswahili chake alikipata relini, nami nimekipata kwake. Katika miaka ya 1970 alinunua Nairobi saa moja ya Seiko 5, akaivaa mpaka alipofariki mwaka 2021. Gari la moshi likaacha kwenda Kasese, babu akazeeka, lakini saa ikaendelea mkononi mwake. Aliivaa akilima, akichonga mipini ya majembe, akisinzia kanisani. Siku ya maziko baba mkubwa aliivua, akaifuta kwa leso, akaitia katika kopo la biskuti na kulifungia kabatini. Alisema, "Hii ni kumbukumbu ya mzee. Asiiguse mtu." Sote tuliona kwamba amesema maneno ya heshima, isipokuwa bibi. Yeye aliuliza, "Mnamficha nani?"

Ikakaa humo miaka 3. Mwaka 2024 nilipochaguliwa kuwa mpiga kengele wa shule, bibi alifungua kabati akanipa. Naliitikisa, ikaenda dakika chache, ikasimama. Nikaitikisa tena, ikaenda, ikasimama. Nikadhani imekufa.

Fundi wa mjini, yule akaaye barazani na kisanduku chake cha kioo, aliifungua mbele yangu akanionyesha. Ilikuwa haikuvunjika kitu. Mafuta ndiyo yalikuwa yameganda. Ndani ya saa kama hii kuna magurudumu madogo yenye meno, na ncha za mihimili yake huzunguka ndani ya vijiwe vyekundu vigumu sana. Katika kila kijiwe huwekwa tone la mafuta dogo hata huwezi kuliona vema kwa macho matupu. Mafuta hayo huzeeka hata kama saa haiendi, na yakizeeka huwa mazito, hugeuka gundi. Kwa hiyo mtu asemaye, "Nimeiweka ili isichakae," hajui kwamba inachakaa humo humo kabatini. Tena mtu aitoaye baada ya miaka mingi na kuivaa hivyo hivyo bila kuipeleka kwa fundi huifanya vibaya zaidi, maana ncha zitasagika bila mafuta. Fundi alifungua kila kitu, akasafisha, akatia mafuta mapya, nami nikalipa fedha niliyoiweka kwa ajili ya viatu. Sijutii, ingawa viatu vyenyewe mmekwisha viona.

Yafaa nieleze kidogo jinsi inavyojitia ufunguo, maana jina hili la otomatiki ndilo linalowadanganya watu. Wadhani inakwenda yenyewe tu, kama mto uteremkavyo. Sivyo. Nyuma, chini ya kifuniko, mna chuma kizito chenye umbo la nusu duara, kimeshikwa katikati, nacho huzunguka kila mkono unapogeuka. Kuzunguka kwake huikaza kamani kubwa, na kamani ikifunguka polepole huyaendesha magurudumu. Mwingereza mmoja, fundi saa aitwaye John Harwood, alipata hati ya uvumbuzi huko Uswisi mwaka 1924 kwa saa ya mkono ya namna hii, ila chuma chake kilikuwa kikienda huku na huku na kugonga vizuizi. Mwaka 1931 Rolex walitoa yao yenye chuma kinachozunguka duara nzima. Mwaka 1959 Wajapani wa Seiko wakabuni kijiti chenye kucha mbili kinachoifanya kamani ikazwe chuma kikizunguka upande wowote, na mwaka 1963 wakaitoa Seiko 5, saa ya bei ya kadiri, ambayo wengi katika nchi zetu wameivaa. Basi nguvu yote hutoka katika mkono wa mvaaji. Asiyetikisa mkono hailishi saa yake.

Na hapo ndipo nilipokosa.

Ilikuwa wiki ya mitihani ya majaribio. Tangu Jumatatu hata Ijumaa nilikaa kitini nikisoma na kuandika. Mkono wa kuume ndio uandikao. Wa kushoto, wenye saa, ulilala mezani siku nzima. Saa ilikwenda, lakini kamani haikujaa. Jumamosi alasiri homa ya malaria ikanishika, nikalazwa katika chumba cha wagonjwa, na saa nikaiweka juu ya kigoda. Jumapili jioni nilirudi bwenini, nikaitia chini ya mto, sikuivaa kwa kuwa mwili wote ulikuwa umejaa jasho la homa.

Usiku huo rafiki yangu mmoja, ambaye sitamtaja, alikuja kitandani pangu. Alikuwa amepata habari kwamba bibi yake aliyemlea amefariki, na maziko ni kesho yake saa nane. Akaniomba nimwamshe saa kumi na moja, kwa sababu basi hupita njia panda saa kumi na mbili kasoro robo. Nikamwambia alale bila wasiwasi. Kuamsha watu ndiyo kazi yangu.

Niliamka gizani. Nikaitoa saa, nikaimulika kwa tochi: saa kumi kasoro dakika nane. Mshale wa sekunde ulikuwa unakwenda vizuri kabisa. Nikaona muda upo, nikaivaa, nikakaa macho nikiitazama mara kwa mara. Ilipofika kumi na moja nilimwamsha, tukatoka. Jikoni moto ulikuwa umekwisha kuwaka na uji uko mezani. Mpishi akatuuliza, "Mwaenda wapi? Basi limekwisha pita."

Ilikuwa imebaki dakika tano kufika saa kumi na mbili. Rafiki yangu alikwenda kwa miguu mpaka barabara kubwa, akangoja gari mpaka saa nne, akafika kwao jioni. Bibi yake alikuwa amekwisha zikwa. Aliporudi aliniuliza swali moja tu: "Saa yako ilikuwa inakwenda?" Nikamjibu, "Ilikuwa inakwenda." Nami nilisema kweli.

Jambo lililotokea ni hili, na kila mvaaji wa saa ya namna hii alijue. Kamani ilikwisha nguvu usiku, saa ikasimama karibu na saa kumi kasoro dakika nane. Ikalala hapo kama saa nzima. Nilipoitoa chini ya mto na kuigeuza, chuma kile kilizunguka mara chache, kikaipa nguvu kidogo, ikaanza tena kwenda kutoka pale pale iliposimama. Saa ya betri ikisimama, husimama, nawe utajua. Saa ya kutiwa ufunguo kwa vidole ikisimama hali kadhalika. Lakini hii ukiishika tu huamka, wala haikuambii kwamba ilikuwa imelala.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza siku hizi ni kwamba, saa ikikaa bila kuvaliwa zaidi ya usiku mmoja, siiamini hata nikiona inakwenda. Naitafutia saa nyingine au taarifa ya habari ya redio niilinganishe kwanza. Kamani ikiwa imejaa kabisa, saa kama yangu huweza kwenda kama saa 40 bila kuvaliwa; lakini ni nani ajuaye kama imejaa? Ya mtu alimaye hujaa. Ya mtu asomaye ni nusu tu. Mimi wiki za mitihani huivua kila jioni na kuipepea kushoto na kulia kwa utaratibu muda wa nusu dakika, kama mtu apepeaye jiko asitake majivu yaruke, kisha naivaa tena, nalala nayo. Wako wavulana hapa waitikisao kama chupa ya dawa ya kikohozi. Hiyo si kutia ufunguo, ni kuipiga.

Mtanikumbusha kwamba zipo otomatiki zinazoweza kutiwa ufunguo kwa kitufe cha ubavuni pia. Ni kweli, na mwenye hiyo ana bahati: ikisimama, azungushe mara 20 au 30 kabla ya kuivaa. Asiogope kwamba kamani itakatika kwa kujaa, maana katika otomatiki mwisho wa kamani huteleza ndani ya kasha lake ikijaa. Ya babu haina njia hiyo. Kitufe chake kiko karibu na tarakimu 4, kimejificha nusu, kwa kuwa hakina kazi ila kusahihisha mishale, siku na tarehe. Nimemwona mwanafunzi akizungusha kitufe cha Seiko ya zamani namna hii kila asubuhi kwa bidii nyingi. Alikuwa anazungusha bure.

Juu ya tarehe nina neno, hasa kwetu sisi tuhesabuo saa kuanzia mapambazuko. Uso wa saa unasema 12 tunaposema saa sita. Saa haijui usiku wala mchana. Yajua tu kwamba kila mara ya pili mishale ipitapo 12 yapasa kugeuza tarehe. Ukisahihisha bila kuangalia, utaona tarehe inageuka saa sita mchana, wewe uko foleni ya chakula. Dawa yake ni kuzungusha mishale mbele mpaka uione tarehe inaruka. Hapo umefika usiku wa manane, kisha endelea mbele mpaka saa unayoitaka. Na mzee akiamua kuweka mshale juu ya 1 kwa kuwa ni saa moja, hatakosea kusoma, lakini tarehe yake itageuka saa kumi na mbili. Ikiwa ni ya jioni, amepata siku inayoanza magharibi kama wahesabuvyo Waislamu, na sioni ubaya. Ila mtu yeyote ambaye saa yake inageuza tarehe usiku wa manane asibadilishe tarehe kwa kitufe kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Wakati huo meno ya kugeuzia tarehe yameshikana tayari, na ukilazimisha waweza kuyavunja.

Maji nitayapita upesi, kwa sababu maneno yameandikwa nyuma ya saa na hakuna ayaaminiye kwa kiasi. "WATER RESIST" maana yake ni jasho, mvua, na kunawa mikono. Si kuogelea, wala si maji ya moto na sabuni. Kinachozuia maji ni mipira myembamba chini ya kifuniko na katika kitufe, na mpira wa miaka 40 ni kama ndala ya miaka 40. Usivute kitufe mkono ukiwa umelowa. Ukiona ukungu ndani ya kioo, nenda kwa fundi siku ile ile, usingoje jua liukaushe, maana mvuke ukitoka huacha kutu.

Sumaku ni adui ambaye wengi hawamjui. Muhula uliopita saa yangu ilianza kwenda mbele dakika kadhaa kila siku, hata nikapiga kengele ya mapumziko kabla ya wakati na kushangiliwa na shule nzima isipokuwa walimu. Nikakumbuka kwamba katika chumba cha fizikia nilikuwa nimeilaza kando ya sumaku za majaribio. Nikaleta dira ndogo karibu na saa: sindano ikageuka. Ndani mna kamani ya pili, nyembamba kama unywele, inayoliongoza gurudumu dogo liyumbalo huku na huku. Ikiingiwa na sumaku, mizunguko yake hushikana, inakuwa kama imefupishwa, na saa hukimbia. Fundi ana chombo cha kuondoa sumaku, kazi ya dakika moja. Wenye simu wajihadhari na spika na vifuniko vinavyojifunga kwa sumaku. Wasilaze saa juu yake usiku.

Baba mkubwa ananiambia kwamba kuivaa kutaimaliza. Nimepiga hesabu: gurudumu lile hupiga mara 21,600 kwa saa moja, yaani 518,400 kwa siku. Ni kweli kwamba kitu kipigacho hivyo huchakaa. Lakini huchakaa kwa kukosa mafuta safi zaidi kuliko kwa kwenda, na ndiyo sababu yafaa kuisafisha kwa fundi kila baada ya miaka minne au mitano, hata kama inakwenda vizuri. Yeye ana miaka 40 na zaidi ya ushahidi mkononi mwa baba yake mwenyewe. Anasema pia kwamba itaibiwa. Hilo sina jibu lake, ila usiku nalala nayo.

Wanafunzi wenzangu nao huniambia kwamba saa ya betri ya sokoni ni sahihi kuliko hii. Sibishi. Yangu hukosea sekunde 20 au 30 kwa siku, na hiyo si ajabu kwa otomatiki ya kawaida. Nairudisha kwenye majira kila Jumapili. Tena nakiri kwamba kama ningalikuwa na saa ya betri usiku ule, rafiki yangu angalimzika bibi yake. Kama shule yataka kengele sahihi tu, na inunue saa ya betri, iwe na akiba ya betri, maana zile za madarasani mbili kati yake zimesimama tangu Pasaka. Mimi siwaambii mkanunue otomatiki. Nawaambia wale ambao tayari wanayo, ya baba au ya babu, kwamba haiwezi kuhifadhiwa kama cheti. Ama huvaliwa ikahudumiwa, ama hugeuka kopo lenye vyuma.

Mwisho wa mwaka huu ukoo wetu utakutana, na baba mkubwa ameandika kwamba nikimaliza mtihani saa irudi kabatini. Nimemwandikia barua ndefu kuliko hii. Nimemweleza habari za mafuta, na habari za basi, nisifiche kitu, ingawa najua hiyo ya basi yaweza kunishinda. Bibi amesema yeye atakuwapo. Rafiki yangu, tangu alipotoka mazikoni, hupita kitandani pangu kila usiku kabla ya taa kuzimwa na kuuliza, "Imekula?" nami naipepea mbele yake nusu dakika.

Kama yuko mzee miongoni mwenu aliyevaa saa ya namna hii miaka mingi, namwomba aandike katika toleo lijalo atueleze aliitunzaje alipougua. Jambo hilo bado sijapata njia yake.